Wifi, Uliyempa Mwanangu Kisahani Chake

Mpendwa wifi yangu Somoe,

Wamekuzika huko Lindi na mimi sikuwepo. Magoti yangu hayataki tena mabasi ya mbali, na hata yangetaka, sijui ningelia kwa moyo gani. Nilikupenda, Mungu anajua. Lakini sikukuamini hata siku moja, na naona si vizuri nikuombee dua huku nimekuficha hilo.

Ulikuja kwetu Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kaka yako alipokuandikia kwamba nimerudi kazini na mtoto hana wa kumshika. Wakati ule nilikuwa kiwanda cha nguo, kwenye mashine tangu asubuhi. Ulishuka na sanduku la bati na mfuko wa korosho. Ulikuwa umeolewa na kuachika, ukaolewa tena ukaachika tena, na sababu ilikuwa ile ile, hukujaliwa mtoto. Ulimpokea Zuhura mikononi mwangu ukamtazama muda mrefu mno. Nikaona. Mzazi wa mtoto mchanga huwa amejaa usingizi, lakini jicho la namna ile halimpiti.

Desturi unaijua, kwenu na kwetu. Wifi asiye na mtoto humwomba kaka yake mtoto wa kulea, na kaka hapati ulimi wa kukataa. Damu ni ya ukoo, mama ni wa kuja. Kinachomkinga mama ni ziwa tu, kwa sababu mtoto anayenyonya haombwi. Basi mimi nilikuwa nimeazimia kumnyonyesha Zuhura mpaka aote ndevu.

Kwetu Kisarawe mtoto akianza chakula hulazwa mapajani, kiganja kinawekwa mdomoni, uji unamiminwa. Akifunga mdomo anabanwa pua, atafungua tu. Ndivyo nilivyokuzwa mimi, na mwili wangu unajieleza. Wewe hukutaka hata kuiona sufuria ya uji. Alipoanza kukaa bila kuegemea, ulimtandikia mkeka uani, ukamwekea kisahani cha bati chenye boga la kuchemsha, ndizi mbivu, na kiazi kitamu ulichokikata kirefu ili kitokeze nje ya ngumi yake. Kisha ukakaa pembeni unachambua mchele, wala humsemeshi. Alijipaka boga mpaka kwenye kope. Kuku wa Mama Chande, jirani yetu wa chumba cha pili, walikula kuliko mwanangu.

Nilikuuliza, "Wifi, mtoto mchanga hivi atajilisha vipi?"

"Kwani mkono kapewa wa nini?" ukanijibu, na mchele ukaendelea kuuchambua.

Kuna Jumamosi alipaliwa mbele yangu. Macho yalimtoka, uso ukaiva, nikaruka nimtie kidole mdomoni. Ukanishika kifundo cha mkono ukanibana kweli kweli. "Muache! Anakohoa, njia iko wazi. Ukitia kidole ndo utakisukuma ndani." Zuhura akakitema kiazi, akakitazama, akakila tena.

Nikauchomoa mkono wangu kwa hasira, ndipo ukaniambia habari ya shangazi yako. Kwamba na wewe ulitolewa kwenu mdogo, ukapelekwa kulelewa kwake. "Alininywesha kwa kiganja mpaka nikawa nakiota. Ukisema hutaki, unaongezwa. Huyu ale anachokitaka, akishiba aache." Maneno yalinigusa, sikatai. Lakini niliyapokea kama ninavyoyapokea ya wauza dawa za miti pale sokoni, ambao nao huongea vizuri.

Mama Chande ndiye aliyemalizia. Tulikuwa tunafua, wewe umekwenda kwenye foleni ya unga wa njano, ule wa msaada. "Unachekelea mwanao kujua kula? Mtoto asiyehitaji mkono wa mamake ni mzigo ulokwisha fungwa, unangoja basi tu. Shauri yako."

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi nyumbani kwangu. Nikirudi kazini namnusa Zuhura mdomo, kama mke anayemsubiri mlevi. Naonja mabaki ya kisahani. Siku moja nilisingizia kichwa, nikatoka kiwandani mapema, nikaingia ukumbini na viatu mkononi, nikachungulia uani. Nilitegemea kukufumania unamfundisha kukuita mama. Nilikukuta umejilaza ubavu kwenye mkeka, unamtoa miiba samaki uliyemfuata mwenyewe soko la Feri. Unaupapasa mnofu kwa ncha za vidole, unaupapasa tena, ndipo unauweka kwenye kisahani. Humsogezei. Yeye anachagua, wewe unamtazama. Nikarudi nyuma taratibu, na shaka ikanizidi, kwa sababu mtu hajichoshi namna ile kwa kitu cha mwenzake.

Kisha yakaja mambo ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Ilifika habari kwamba huko kwenu watu wanagawiwa viwanja upya na asiyekuwepo atakosa, hivyo ikabidi urudi. Ijumaa moja, tumekwisha kula, ukamgeukia kaka yako. "Kaka, mie naondoka. Nipe Zuhura nikamlee."

Nilijibu kabla yake. "Bado ananyonya."

"Anakula," ukasema.

Neno moja tu, na nikaona miezi yote ile ya boga na viazi ilikuwa inakwenda wapi. Kaka yako akauinamia mkeka. "Ni kweli anakula," akasema kwa sauti ya chini. Maziwa yakanitoka yenyewe yakalowesha kanga.

Ukachukua kipande cha ndizi ukakinyoosha. "Zuhu, njoo kwa mama." Ulilisema hilo, usilikane huko uliko. Akatambaa mbio kuja kwako. Alipofika, sijui kilikupata nini, wewe uliyekuwa hujawahi kumlisha, ukataka kumtia ndizi mdomoni. Akafunga mdomo. Ukajaribu tena, ukamshika na kidevu. Akausukuma mkono wako, akakunyang'anya ile ndizi, akageuka, akakaa katikati yetu katugeuzia mgongo sote wawili, akala.

Kaka yako ndiye aliyecheka kwanza. Ukacheka na wewe mpaka ukajifuta macho kwa kanga, na kicheko kikaisha ungali unajifuta. "Mbakisheni," ukasema. "Nimeanza kuwa kama shangazi."

Ulipanda basi peke yako. Nilikuja kukuaga nimemfunga Zuhura mgongoni kwa kanga mbili, na sikumshusha umbusu mpaka basi lilipowashwa. Hata wakati ule nilidhani utageuza nia. Miaka iliyofuata ulikuja mara chache, tukasifiana nguo, tukaulizana mvua, na hili hatukuligusa. Mawifi wanajua kuchekeana.

Kaka yako naye haziwezi tena safari za mbali, kwa hiyo mazikoni alikwenda Zuhura, mwanamke mzima sasa. Amerudi jana. Anasema kijijini kwako alipokewa kwa vilio, wakamkalisha mbele pamoja na wafiwa, kila bibi anamshika kichwa na kusema ndiye huyu mtoto wa marehemu. Wifi, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinakuita Mama Zuhura! Uliwaambia una binti, yuko Dar anasoma.

Kwa hiyo shaka yangu haikuwa ya bure. Nilikaa kitandani damu inanichemka kama siku ile ya ndizi. Nikamuuliza, "Na wewe ukawaambiaje?"

"Niliitika, mama," akasema.

Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Alikuwa analia, na hakulia kilio cha mtu aliyetumwa kuwakilisha.

Jina hilo sijakusamehe. Ulilichukua bila kuniomba, maana ulijua ningekunyima. Leo asubuhi majirani wamekuja kutoa pole, na kwa kawaida yao wakaelekea kwa kaka yako, ndugu wa marehemu. Nikawaambia waanze kwa Zuhura, kwa sababu aliyefiwa na mama ni yeye.

Pumzika, Somoe. Nikifika huko tutagombana vizuri, hakutakuwa na watu wa kutuangalia.

Wifi yako,
Mama Zuhura mwenzako