Uso Wangu Umetoka Duka la Dawa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya vitambaa na wenzangu wanadhani natafuta bitana, na mwenyewe sijui kama nicheke au nilie.

Mimi ni fundi cherehani, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na duka letu linashona magauni ya harusi. Mimba ya mtoto wa pili iliniachia madoa meusi mashavuni ambayo hayakuondoka hata nilipomwachisha ziwa, basi mwenye duka, ambaye sote tunamwita Madam, akanitoa kaunta akanipeleka nyuma karibu na pasi, akasema bila kumung'unya maneno kwamba bibi harusi akiingia dukani hapendi kupokelewa na uso wenye mambo mengi. Miaka minne, mshauri. Nimeshona magauni ambayo wenyewe sikuwahi kuwaona. Nilijitia sijali, lakini iliniuma.

Mwaka huu nikasema potelea mbali. Pesa ya saluni za maana sina, mambo ya ada unayajua, kwa hiyo nikaanza na duka la dawa la mtaani kwetu, ile rafu ya chini kabisa kati ya nepi na pamba, ambako kuna vipodozi vya bei ya chini hata vumbi limevizoea. Nikanunua faundesheni moja, nikaipima vizuri kwenye kifundo cha mkono, ikakaa sawa kabisa na ngozi, asubuhi nikaipaka nikaenda kazini nimejaa raha, na kufika tu wenzangu wakaniuliza kama nimeangukia unga. Kumbe nilipima pale ninapofunga mto wa pini kila siku, mahali ambapo hapajaona jua tangu nilipojifunza kushona, na uso wangu ni mweusi kuliko hapo kwa mbali sana.

Mume wangu ni fundi rangi wa nyumba. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia kitu cha maana: "Mke wangu, ukuta wenye doa hupaki rangi juu kwa juu. Litarudi tu. Anza na koti ya chini." Nikarudi duka la dawa nikanunua rangi ya mdomo yenye wekundu wa tofali, nikaigusisha kidogo juu ya madoa, juu yake nikaweka faundesheni nyingine, ambayo safari hii niliipima kwenye taya nikiwa nimesimama mlangoni penye mwanga, vilevile ninavyolinganisha uzi na kitambaa, kisha poda kidogo na wanja, na ile rangi ya mdomo nikaimalizia mdomoni na mashavuni. Vitu vinne tu. Nilijitazama kwenye kioo nikajisemea, kumbe upo.

Wiki hiyohiyo Madam akanirudisha kaunta. Nilitembea kutoka nyuma hadi mbele kama mtu anayeitwa kupokea cheti. Wateja wakaanza kunisifu, na bibi harusi mmoja, binti wa mwalimu mkuu, akasema hataki mpambaji mwingine, nimpambe mimi Jumamosi hii anapokuja kujaribu gauni mbele ya mama yake na mashangazi zake, na akipendeza ndipo nitampamba siku yenyewe.

Hapo ndipo nilipoharibu. Madam aliniuliza vipodozi vyangu vinatoka wapi, na mdomo wangu, bila kunishauri, ukajibu kwamba dada yangu ananitumia kutoka ng'ambo. Dada yangu anauza viatu stendi, hana hata pasipoti. Sasa Madam anawatangazia watu, na ameagiza Jumamosi niweke sanduku langu la vipodozi mezani mama wa bibi harusi alione. Sanduku sina, nina mfuko wa plastiki wa duka la dawa. Wifi yangu analo zuri, lenye vichupa vitupu vya bei mbaya, na yuko tayari kuniazima nijazie vyangu humo. Nijazie, au niseme ukweli nirudishwe kwenye pasi?

Fundi wa Kaunta

Fundi wa Kaunta,

Kwanza toka stoo, wenzako watakufuata huko.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yako na ya pili kwa ajili ya mashavu yangu mwenyewe. Mwanamke anayekosea rangi mbele ya wenzake wote, kisha akarudi dukani badala ya kujifungia chumbani, huyo simwonei huruma, nampa tano zake. Lakini nitakugombeza pia, maana unastahili. Kazi umeifanya wewe, kwa macho yako na akili ya mumeo, halafu sifa zote umempelekea dada yako muuza viatu. Yeye amefanya nini hapo?

Sanduku la wifi liache hukohuko kwake. Kujaza faundesheni kwenye chupa ya mtu mwingine ni uchafu kabla hata haujawa uongo. Hujui mle mlikuwa na nini, wala imekaa hivyo tangu lini, na uso wa bibi harusi ukitoka vipele hakuna atakayemuuliza wifi yako. Na hata ukipona hapo, Madam atataka dada amtumie na yeye. Utamjibu nini, posta imefungwa?

Fanya hivi. Kesho fika kazini kabla ya wateja, ukiwa umenawa, uso mtupu na madoa yako yote. Mwambie Madam ukweli kwa sentensi moja. Usilie, usizunguke. Kisha fungua mfuko wako wa plastiki, upambe shavu moja tu mbele yake, umwache alinganishe. Maneno yako anaweza kuyakataa, macho yake hawezi. Akikurudisha kwenye pasi baada ya hapo, basi shida haikuwa madoa, na fundi mwenye mkono wako hakosi kaunta nyingine.

Bibi harusi mwite siku moja kabla, umpake faundesheni kidogo kwenye taya na nyuma ya sikio, alale nayo muone kama ngozi itagoma. Tazama tarehe za mwisho za kutumika. Sponji iwe mpya, na rangi ya mdomo nunua nyingine, yako ni yako. Ukipata nafasi, hayo madoa kamwonyeshe daktari wa ngozi, na mtu asikuuzie krimu ya kujichubua. Ukificha doa hujamkosea mtu, lakini ukiunguza ngozi umejikosea mwenyewe.

Mshauri wako

Jibu hili nilimtumia kwenye simu siku ileile, kwa kuwa Jumamosi haingoji gazeti. Jumatatu akaniandikia tena:

Mshauri, nilifanya. Shavu lilitoka sawasawa. Madam alitazama kushoto, akatazama kulia, akavaa miwani, akauchukua mfuko akalisoma jina la duka la dawa kwa sauti. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Malizia na upande wa pili, wateja wanakuja." Basi, yakaishia hapo.

Jumamosi mfuko ulikaa mezani bila aibu, na mama wa bibi harusi aliponiuliza nikamwambia vilikotoka. Mashangazi wakatazamana. Kisha bibi harusi akatoka nyuma ya pazia na gauni lake, mama yake akajishika mdomo machozi yakamtoka, na shangazi mmoja akaniuliza lile duka linafungwa saa ngapi. Siku yenyewe nampamba mimi. Nimelia kwa furaha, na kwa hilo usinigombeze.

Leo asubuhi Madam amechelewa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ameingia amejifunika mtandio mpaka puani, akanivuta hadi nyuma, palepale kwenye pasi, akaufunua. Uso mweupe pee, halafu chini yake shingo yake ya siku zote.

"Nilipima vizuri kabisa," akasema. "Hapa." Akavua saa ya mkononi, akanionyesha mahali panapokaa mkanda.

Sikucheka, mshauri, ingawa mbavu bado zinaniuma kwa kujikaza. Nilimletea maji na sabuni, nikamshika mkono nikamwambia, "Twende mlangoni, Madam, kwenye mwanga."