Kamera Inasema Sisi ni Mtu Mmoja

Pacha wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, upende usipende. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na wodi yako ya wazazi haijakumaliza nguvu. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Uvimbe wa mguu umepungua, ulimi haujapungua kitu. Mimi afya ninayo, ila kutulia ndiko kumenishinda. Hata barua hii naiandika nikikaa na kuinuka, mpaka mama ameniuliza kama kiti kina miiba. Nimempa shangazi akuletee kwa mkono, kwa kuwa uliifungia namba yangu ya simu tangu tulipotupiana maneno kwenye msiba wa baba. Sitayarudia maneno hayo hapa. Nakuomba tu usiichane kabla hujafika mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Leseni yangu ya kuendesha basi la shule iliisha muda wake. Zamani ungepeleka picha mbili, ukaambiwa urudi wiki ijayo, na wiki ijayo ukaambiwa hivyo hivyo. Sasa kila kitu ni kompyuta. Unataja namba yako ya utambulisho, unakaa mbele ya kamera, mfumo ukikutambua inawaka taa ya kijani na leseni inatoka kabla hujanyanyuka. Madereva wenzangu walitoka pale wanacheka. Mimi nilipokaa ikawaka nyekundu. Nikavua miwani, nikajifuta jasho, nikafungua kitambaa cha kichwa, nyekundu ile ile. Msichana wa kaunta akaniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nimejiandikisha mara mbili.

Nilicheka, nikidhani nikishamwambia nina pacha yatakwisha. Hayakwisha. Alinipeleka kwa mkubwa wake, ambaye watu wa foleni wamembatiza Bwana Mfumo, maana hata ukimwuliza choo kiko wapi atakujibu kwamba mfumo unaonyesha kiko nyuma. Si mtu mbaya. Alinigeuzia kompyuta nikaona sura yangu na yako zimewekwa sambamba, wewe na mnuno wako wa siku ile ya kujiandikisha, nilipokusukuma ili nitangulie. Akanieleza kwamba mashine mpya inalinganisha sura za watu wote ili kuwanasa wanaojiandikisha mara mbili wakapokea ruzuku mara mbili, na kwa hesabu zake sisi ni mtu mmoja. Nikamwuliza mapacha wengine wanafanyaje. Akasema wanakuja wote wawili, wanapigwa picha pamoja mbele ya afisa, na kila mmoja anabaki na namba yake. Akija mmoja peke yake haitoshi. Tena wawili hao wasipotokea mpaka mwisho wa mwezi, mfumo wenyewe unafuta namba iliyoandikishwa baadaye.

Hiyo ni yako, pacha. Walikutumia ujumbe, lakini ulikwenda kwenye laini yako ya zamani.

Kesho yake mama alivaa gauni lake la kutokea akaja nami. Alimwambia Bwana Mfumo kwamba alituzaa mwenyewe, tena akiwa macho, na hahitaji mashine imweleze walitoka wangapi. Foleni nzima ilicheka. Yule bwana alinyanyuka akampisha kwenye kiti chake, akamwambia kwa heshima kuwa anamwamini kabisa, ila kwenye ile kompyuta hakuna sehemu ya kuandika neno la mama mzazi. Mama akasema basi wamenunua kiziwi kwa pesa nyingi. Tulipotoka nje akachomoa simu ili akupigie palepale. Nikamzuia. Nikamwambia nimeshaelewana na yule bwana, mambo yamekwisha. Huo ulikuwa uongo mtupu.

Tangu hapo sikukalika. Nilizunguka nyumba, nikafua vilivyokwisha kufuliwa, nikaanza maneno na jirani kwa sababu ya ndoo. Kila nikifumba macho nakuona wewe umefika kazini, leseni yako ya ukunga haisomeki, unazuiwa mlangoni, na ndani kuna mwanamke anakuita kwa uchungu. Ungeambiwa wewe ni mtu wa bandia. Nani angekusikiliza, ikiwa hata mama hakusikilizwa?

Siku ya mwisho ya mwezi nilirudi pale. Sasa nakwambia lile ambalo mama halijui. Nilimwomba Bwana Mfumo aifute namba yangu, yako ibaki. Aliniuliza mara nyingi kama nina akili timamu. Mwishowe akanisogezea kile kifaa, nikaweka kidole. Kabla sijafika getini, simu yangu ilikuwa imekatika. Benki hawanijui. Leseni ndiyo haizungumziki tena. Mwalimu mkuu ameweka dereva wa muda mpaka likizo. Shule zikifunguliwa kabla sijapata leseni, basi ni la huyo moja kwa moja. Kila asubuhi navaa sare, namuaga mama, kisha nazurura mitaani mpaka saa ya kurudi. Nakwepa njia linayopita basi langu, watoto wasinipungie mikono.

Usije ukadhani ni wema. Ningeiacha yako ifutwe, ungekuja mbio, umejaa hasira, kwa kuwa huna njia nyingine. Ungesimama ubavuni mwangu, ukapigwa picha, ukageuza bila hata kunywa maji. Mama angekupigia, ungekuja kwa kumtii yeye. Sikutaka uje hivyo. Sasa huna shida yoyote, namba yako ni salama, hakuna wa kukugusa. Ukija, utakuwa umenijia mimi. Usipokuja pia nitaelewa, na sitakusumbua tena. Nimekukumbuka, pacha. Nimekukumbuka mpaka nimefanya upumbavu huu, na naogopa sana.

Mpe shemeji salamu zangu, umwambie bado namdai ule wimbo aliokataa kuimba harusini. Shangazi atakaa huko mpaka Jumapili, kwa hiyo jibu lolote mpe yeye, maana mimi sina tena simu. Bwana Mfumo amenihakikishia kuwa namba iliyofutwa hurudishwa siku hiyo hiyo, mradi tufike wawili. Mungu akulinde, akupe mikono myepesi kazini.

Jina la kwenye kitambulisho siliandiki, kwa sasa si langu. Ni mimi tu, yule uliyezoea kumwita

Kimbelembele.