Ufunguo wa Kisima cha Bibi

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeshona mpaka kiuno kinauma. Sare nne za shule, zimebaki vifungo. Kesho Newala, halafu Makote kwa Bibi. Shoga yangu Tabia anatupeleka kwa gari la mumewe.

Simu ya Bibi ilikuwa fupi: njoo, nimechoka kulinda kisima, nataka kukabidhi ufunguo. Amkabidhi nani tena? Mama alishafariki, mjukuu wa kike ni mimi peke yangu. Kule juu bomba halitegemeki. Mvua ikinyesha, maji ya bati yanaingia kisimani, unayatumia hayohayo mpaka mvua nyingine. Anayeshika ufunguo ndiye mwenye nyumba.

Sijaushika tangu nina miaka tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tabia kaimba njia nzima. Newala mjini tukanunua sukari na sabuni.

Kufika tu, kapiga magoti, shikamoo Bibi, halafu Kimakonde kikamtoka. Kakulia Tandahimba huyo. Mimi nimelelewa Masasi kwa baba, Myao, nyumbani Kiswahili tu. Bibi kacheka mpaka kafuta machozi. Nikacheka nami. Sikuelewa kitu.

Jioni Bibi kafungua fundo la kanga, katoa ufunguo. Nikanyoosha mkono. Akampa Tabia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Faraji, kachote ya kuogea."

Nikajifanya natengeneza ushungi.

Nina wivu. Naandika hivyohivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tabia katwanga. Tabia kachimba ming'oko, vile viazi vya porini. Tabia kaokota korosho. Mimi naambiwa nipumzike, eti nimetoka mbali. Kwani yeye katoka wapi? Si gari moja?

Bibi anamwita "mjukuu wangu". Nimehesabu, mara tano.

Nilipokuwa na miaka tisa nilisahau kufunika kisima. Kuku akatumbukia, akafia humo. Maji yote yakamwagwa, Oktoba kama hii, mvua bado. Bibi alinichapa, sawa. Kilichoniuma ni kwamba hakunituma tena. Miaka ishirini na mitano, nikija naletewa maji kwenye ndoo kama mgeni. Tabia kamaliza siku moja, ufunguo anao.

Namchukia leo. Kesho labda nitampenda tena.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma.

Nimeamka wa kwanza, nikatoka nyuma. Mfuniko wa kisima uko pembeni, kufuli linaning'inia. Tabia alichota ya kupikia jana jioni, akarudisha ufunguo, akasahau kufunika. Kuku walishatoka bandani. Kutoka niliposimama mpaka kwenye mfuniko, hatua tatu. Nikasema moyoni, acha aonekane na yeye. Nikarudi ndani nikajifunika shuka.

Tetea alipatikana saa nne, anaelea. Maji ya mzoga, Bibi hawezi kuyanywa wala kutawadhia.

Tabia kalia kama kafiwa. Mimi nasubiri tu Bibi abadilike. Akamshika bega. "Kuku ni kuku, mwanangu. Usilie." Basi. Yakaisha hapo. Kosa hilohilo!

Tumemwaga maji kutwa, ndoo kwa ndoo, kwenye mihogo. Viganja vimechubuka. Tabia kila baada ya ndoo ananiomba radhi mimi. Mimi!

Alasiri Bibi kaniita jikoni.

"Asumini, alfajiri nilisikia komeo la mlango wa nyuma. Mwendo wako naujua."

Nikasogeza kuni mekoni.

"Ulipokuwa mtoto ulisahau. Safari hii hukusahau."

Kaufunga ufunguo kwenye kanga yake, fundo mara mbili, akaendelea kupepeta mchele.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumerudi Masasi. Tabia hakuimba. Bibi katugawia korosho za kubangua, kila mtu mfuko wake, sawasawa. Ufunguo hakuutaja. Majirani watamgawia maji mpaka mvua, na hata yao yamepungua.

Tabia bado anadhani ni kosa lake peke yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Vifungo. Nimekosea mashimo ya sare mbili, nimefumua.

Jumatano, 15 Oktoba

Bomba limetoa maji leo. Nimejaza madumu sita, nimeyapanga ukumbini.

Kisha nikampigia Tabia. Nimemwambia yote. Niliuona mfuniko, nikauacha kusudi, kwa sababu ya wivu. Akasema kwake kuna madumu manne, akauliza Jumamosi tunaondoka saa ngapi kumpelekea Bibi.

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi.

Hata hapo kanizidi.