Kitambi cha Ramadhani

Jumanne, 1 Aprili 1958
Muhidin kafuturu tende moja na matonge mawili, kisha kasukuma sahani. Ameshiba! Mume wangu afunge kutwa, ashibe kwa hicho? Na kitambi kinazidi. Jirani yangu Batulo kanicheka uani: mumeo kobe huyo, anakula mchana. Kobe ningevumilia. Naogopa jingine — anafuturu kwa nani kabla ya kufika kwangu?

Jumanne, 8 Aprili
Nimemfuata. Naam, ndani ya buibui la Batulo! Kutoka kazini reli, msikitini, nyumbani. Hakuna mwanamke. Aliponikuta mlangoni nahema, nikasema nimetoka dukani. Akajaribu kanzu ya Idi. Tumboni imebana, mabegani inaning'inia. Mtu anenepe tumbo, akonde mabega? Sina raha.

Jumatano, 16 Aprili
Hospitali. Daktari kambonyeza sana upande wa kushoto. Si kitambi. Kansa. Imeota nyuma ya matumbo, kwenye mafuta na nyama laini za ndani kabisa. Huko kuna nafasi, ndiyo maana imekua kimyakimya, bila kuuma. Sasa inabana, chakula hakina pa kukaa. Kumbe ndiyo yale matonge mawili!

Nikauliza, ni mapishi yangu? Akasema la, sababu yenyewe hata wao hawaijui. Jumatatu watampasua. Ikiwa imeshika figo, itatolewa pamoja na figo. Ikiwa imeshika mshipa mkubwa wa damu, watamshona tu bila kuitoa.

Laiti angekuwa na mwanamke! Mungu nisamehe. Mwanamke ningemweza.

Jumapili, 20 Aprili
Mwezi umeandama. Watoto wanapiga makopo Majengo nzima. Batulo kaja analia kwa lile neno la kobe. Nimemwambia akalie kwake.

Jumatatu, 21 Aprili. Idi
Nimekuja hospitali na bakuli la pilau. Mazoea! Nesi kasema asitie kitu mdomoni. Muhidin kasikia harufu, kacheka.

"Salme, leo kufunga ni haramu, na mji mzima nimefunga mimi tu. Kamwambie Batulo."

Nikacheka nikilia. Wakamsukuma ndani.

Daktari alisema, wakiweza kuitoa, watakaa mpaka alasiri. Wakitoka mapema, hawakuweza. Miaka yote namgombeza kwa kuchelewa. Leo chelewa, baba, chelewa!

Pilau limepoa. Adhuhuri bado. Mlango — daktari huyo, anavua kofia. Mbona mapema! Hajaniona. Nikiinama nikaandika, labda atarudi nd