Nilivyotembea Vanga Kumtafuta Shangazi

Msambweni,
Wilaya ya Kwale,
14 Machi 1965

Mpendwa kaka Mwinga,

Shikamoo. Hamjambo huko Nakuru, wewe na wifi Kache na watoto? Na baba, kifua chake kimetulia tangu mlipomnunulia sweta? Mimi ni mzima. Kazi ya ukunga hapa hospitali ni nyingi, lakini namshukuru Mungu, nalala na kuamka salama.

Nyumbani Taru mvua bado, ila ng'ombe wapo na bwawa halijakauka.

Nakuandikia hasa kwa sababu ya safari yangu. Nilipewa siku mbili za mapumziko, nikapanda basi hadi Vanga. Unakumbuka baba alivyotuambia mara moja tu, asirudie tena, kwamba yeye akiwa mtoto mchanga iliingia njaa kuu, na babu Kitsao akampeleka dada wa baba, Mbodze, kwa watu wa Vanga ili apewe nafaka. Mbodze hakurudi. Nilitaka angalau niuone mji wenyewe.

Ni mji mdogo, Mwinga, lakini ni wa zamani kweli. Niliuzunguka kwa miguu asubuhi nzima. Ukuta wake wa kale umebaki vipande vipande, na watu wameanikia nguo juu yake. Vichochoro ni vyembamba hata mkikutana wawili, mmoja hujibana ukutani. Milango mingine ina nakshi, lakini imeoza chini, kwani bahari ikijaa sana maji huingia hadi mitaani. Kila baraza niliyopita nilikaribishwa kahawa.

Ila nilipouliza habari za watoto walioletwa wakati wa njaa, watu waligeuza mazungumzo. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Hapa, mwanangu, sote ni watu wa Vanga." Niliona haya, nikaenda zangu.

Fundi cherehani mmoja, jina lake Randu, alinifuata hadi pembeni. "Dada, hilo haliulizwi hadharani," akaniambia. "Watu wana wajukuu na heshima zao. Nenda nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, kwa Bi Mwanasha. Ingia kama mgeni tu."

Nilimkuta bibi mwembamba anasuka ukili wa mkeka. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni Kanze, binti wa Mangi wa Kitsao, natoka Taru. Mikono yake ilisimama.

"Mangi alipona?" akauliza.

Kaka, ndiye Mbodze mwenyewe; Mwanasha ni jina alilopewa Vanga. Alisema siku anaondoka nyumbani baba alikuwa hana nguvu hata za kulia. Yeye aliambiwa nafaka ile ni ya kumponya mdogo wake, akakubali kwenda. Alikuwa na miaka saba. Tangu hapo hakuna aliyempa habari.

Nikamwambia Mangi yu hai, ana watoto sita, na sasa anakaa kwako Nakuru. Alijifuta macho kwa leso. Nilimwomba radhi kwamba hakuna aliyemfuata miaka yote hiyo. Akasema, "Wewe umekuja. Kula kwanza."

Tulipokuwa tukila wali, aliingia mwanawe mkubwa, katoka kukata mikoko, akauliza mgeni ni nani. Niliinama, maana kwa maneno ya Randu nilijua watoto wa shangazi hawajui lolote, nami sikutaka kumwaibisha. Nikangoja aseme nimepotea njia.

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Kaa, nikwambie nilikotoka."

Akaeleza yote mbele yangu. Mwanawe alisikiliza hadi mwisho, kisha akanawa, akasogea, akala nasi sahani moja.

Msomee baba barua hii polepole, akiwa ameketi. Shangazi hawezi tena safari ndefu, lakini anamngoja. Ukipata likizo, mlete.

Nisalimie wifi Kache, Mapenzi na mdogo wake Munee, na jirani yenu Mzee Mutunga. Shangazi anawaombea nyote rehema za Mwenyezi Mungu, nami naitikia amina.

Mdogo wako akupendaye,
Kanze