Nyumba Tuliyoivuta Hadi Mbooni

Kwako Baba Mwende, huko uliko,

Mwende alikuja Jumapili na watoto wake. Walikuwa wametoka kwenu Mbooni kuona shamba, na huko walikuta vyuma vya ile karavani yetu, nyumba ya magurudumu, vimelala kwenye nyasi, maboga yametambaa juu yake. Akaniuliza, "Mama, hiki kitu kilipandaje ule mlima?" Nikaanza kumweleza, kisha nikasema nitamaliza siku nyingine. Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo wewe mwenyewe hukuisikia, na sikuona vizuri watoto waijue kabla yako.

Unakumbuka mwaka ule wa mvua zisizoisha. Hapa Donholm maji yaliingia mpaka chini ya kitanda, na Mwende, akiwa mdogo, aliona ni mchezo. Kisha binamu yako akaja kutoka ushago, kule Mbooni, amesimama mlangoni viatu mkononi, akatuambia udongo umeporomoka usiku na kuchukua nyumba ya mama yako, vyumba vyote viwili. Mama alikuwa ameenda zizini kumwangalia ng'ombe aliyekuwa akilia. Ndiyo maana alipona.

Ulienda kumchukua ukarudi peke yako. Nilikuuliza yuko wapi, ukakaa kwenye stuli ya cherehani yangu ukasema, "Amekataa. Analala jikoni, amefunika karatasi ya nailoni juu. Ameniambia, nikija Nairobi, ni nani atabaki kushika hii ardhi isiende yote?" Ulisema pia kuwa mafundi wamekataa kujenga mpaka udongo ukauke, na hakuna aliyejua utakauka lini. Usiku huo ulijigeuza kitandani bila usingizi.

Asubuhi uliniambia, "Kama hataki kuja kwenye nyumba, nitampelekea nyumba."

Nilidhani umechoka. Lakini wewe ulikuwa ukiishi kwa kuhamisha watu. Lile lori lako dogo la dizeli, kuukuu kuliko ndoa yetu, lilikuwa limebeba makochi na vitanda vya nusu ya Eastlands, kutoka Donholm kwenda Dandora, kutoka Dandora kwenda Njiru. Na huko Njiru kulikuwa na karavani ambayo mteja mmoja alikupa badala ya malipo, na majirani wakakucheka. Kuku walikuwa wakilala ndani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwambia uiuze kwa mtu wa vyuma chakavu.

Tuliisugua pamoja. Nilishona mapazia ya kitambaa cha maua, nikajaza godoro upya. Wewe uliikagua ile ndoano ya kuvutia nyuma ya lori, ukaongeza mnyororo wa pili, kisha ukachonga kabari mbili za mti mgumu kama babako alivyokuwa akichonga vinyago, polepole, ukizipima kwa kiganja. Ukanipa. Ukasema, "Hizi ni zako. Mlimani, gari likisimama, utaziweka nyuma ya magurudumu ya karavani. Breki ya mkono haiwezi kushika mzigo huu."

Tulipotoka Njiru vijana wa stendi walitushangilia. Mmoja akakimbia kando ya dirisha lako akasema, "Buda, si unge-carry tu fanicha? Sasa ni keja yote, na paa lake?" Ukamjibu, "Mathe yangu hana keja," naye akaacha kucheka. Akatembea kando ya lori hatua chache, kisha akagonga mlango mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayekutakia safari njema.

Barabara ya Kangundo ilikuwa laini mwanzoni. Lori liliunguruma, likatoa moshi wake mweusi, na nilipotazama nyuma niliona mapazia yangu yakicheza dirishani. Nilianza kufurahi kama mtu anayeenda arusi. Kisha vilima vikaanza, na nikajua kwamba miaka yote niliyoishi na wewe sikuwahi kuona kazi yako. Nilikuona ukirudi jioni umechoka. Sikuwa nimekuona ukisikiliza injini. Ulikuwa unainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akieleza panapouma, na mkono wako ulikuwa kwenye gia kabla sauti haijabadilika. Tukisimama ili rejeta ipoe na kuijaza maji, hukuharakisha. Ulinawa uso kwa maji yaliyobaki ukaniambia hadithi za utotoni.

Baada ya Machakos tuliteremka mteremko mrefu, na hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza. Karavani ilikuwa inatusukuma. Niliisikia mgongoni, kama mtu mkubwa ametuegemea. Nilikuambia, "Kanyaga breki."

"Nikikanyaga sana zitachemka, halafu hatutakuwa na breki tena," ulisema. "Tumeshuka na gia ndogo. Acha injini itushike."

Injini ikalia mpaka chini, ikatushika kweli. 

Pale Tawa wanaume walikuwa wameketi mbele ya duka la mahindi. Walizunguka karavani, wakapigapiga ubavu wake, wakachungulia ndani. Mzee mmoja akakuambia kwa upole, "Kijana wangu, hii nyumba iache hapa. Huko juu hata trekta limeshindwa." Ukamshukuru kwa heshima zote, ukaniuliza kama niko tayari kutembea.

Kutoka hapo wewe uliona mlima kwa mbele na mimi niliuona kwa nyuma. Nilitembea nyuma ya karavani, gambuti zimejaa tope, kabari moja kila mkono. Nisemeje, Baba Mwende? Mimi ni mtu wa Bungoma, nimezaliwa mahali mtu anaona ng'ombe wake kutoka mbali. Sikuwa nimeona nchi iliyosimama wima hivyo, na watu wameikata matuta moja juu ya lingine mpaka mawinguni, kila tuta na mahindi yake, kila tuta na nyasi zake ukingoni. Nilifikiria mikono iliyofanya vile. Nikatazama nyumba nyeupe yenye mapazia ya maua ikipanda kati ya matuta hayo, na nikasahau uchovu.

Ulisimama mara nyingi, nami nikaweka kabari mara nyingi, mpaka tukawa tumezoeana. Unasimama, naweka, napiga kelele, "Imeshika." Unapumzisha injini, unaondoka, naziokota nakufuata.

Halafu tukafika ile kona kali ambapo mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara. Magurudumu ya lori yalizunguka pale pale, tope likaruka mpaka usoni mwangu. Lori likaacha kupanda. Kwa muda mfupi halikwenda mbele wala nyuma, kisha likaanza kurudi, na mkia wa karavani ukageukia bondeni. Niliweka kabari ya kwanza, ikazama topeni kama kijiko kwenye uji. Niliweka ya pili kwenye jiwe lililokuwa limejitokeza, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Ikashika. Gurudumu la kushoto lilikuwa kwenye ukingo kabisa, na chini yake niliona vilele vya miti.

Sauti yako ikaja kutoka mbele. "Mama Mwende, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Mimi siwezi kushuka. Mguu wangu uko kwenye breki."

"Usishuke," nilisema. Sikujua tutafanya nini baada ya hapo. Sikuweza kuondoka kwenye ile kabari, na wewe hukuweza kuondoka kwenye breki. Tulikuwa tumefungwa pale, kila mtu upande wake, na ukungu ulikuwa unateremka.

Waliotuona ni akina mama wa mwethya, wale wa kulimiana kwa zamu, waliokuwa wakitengeneza matuta juu ya barabara. Waliteremka na majembe yao na kamba za mkonge, wengine wamevaa magunia mabegani. Hawakuuliza maswali. Wawili walinisaidia kubeba mawe na kuyapanga nyuma ya magurudumu, wengine wakakata matawi wakayatandika mbele ya lori. Mwingine alichimba ukingo wa juu ili kona ipanuke. Mambo haya unayajua, ulikuwa ukiyasimulia kila Krismasi.

Hili ndilo usilolijua.

Mwanamke aliyefunga kamba kwenye chuma cha nyuma ya karavani, akaizungusha kwenye mti wa upande wa juu na kushika mbele ya wenzake wote, alikuwa Mama. Hakujua ni sisi mpaka alipofika karibu. Aliniangalia mimi, nimejaa tope kama mtu aliyetolewa shimoni, akaiangalia ile nyumba, kisha akaangalia kule mbele mkono wako ulikokuwa umetoka dirishani. Nilimwona akielewa. Nilifungua mdomo nikuite, naye akaweka kidole kwenye midomo yake.

Akanijia sikioni. "Usimwambie niko hapa. Akijua, atashuka."

Na ungeshuka. Tunakujua sote wawili. Ungeshuka kumtoa mama yako kwenye ile kamba, na lori lingeenda na kila kitu.

Nilikimbia mpaka dirishani kwako. Ulikuwa unatoka jasho kwenye baridi ile, mguu umeukaza kwenye breki. Uliniuliza, "Ni akina nani?"

"Ni mwethya. Wamefunga kamba kwenye mti. Wanasema uondoke polepole."

"Mama yuko nao?"

Nilikuambia, "Angalia mbele, baba. Angalia mbele tu."

Ukaangalia mbele. Ukaingiza gia, na lori likaunguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya chini sana, kana kwamba inatoka ardhini. Akina mama wakaanza kuimba. Nilikuwa nyuma, kwa hiyo nilimwona. Alikuwa na umri wa kuitwa Susu, yaani nyanya, na nusu ya kijiji, miguu yake imezama topeni mpaka karibu na magoti, ameegemea nyuma mpaka kitambaa kikaanguka kutoka kichwani, na kila karavani ilipopanda kidogo, yeye na wenzake waliikaza kamba kwenye ule mti isirudi. Aliimba pamoja nao. Kamba ilikuwa inapita mikononi mwake na hakuiachilia. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, nimeona watoto wakizaliwa, nimekuona wewe ukiaga dunia kwa utulivu uliotushangaza sote, lakini sijapata kumwogopa mtu kwa heshima kama nilivyomwogopa mama yako kwenye ile kona.

Gurudumu likatoka ukingoni. Lori likashika matawi, likapanda. Ulipoweza kusimama mahali tambarare na kushuka, Mama alikuwa ameshapita njia ya mkato kati ya mahindi. Uliwashika mikono akina mama mmoja mmoja ukiwashukuru, nao wote walijua, na hakuna aliyesema. Walikuwa wanatabasamu, ukadhani ni furaha ya kazi kuisha.

Tulipofika nyumbani alikuwa amesimama kwenye uwanja, leso nyingine kiunoni. Akashika mashavu akasema, "Kyalo, umeniletea nini?" Ukamfungulia mlango, ukamshika kiwiko apande ngazi. Aliketi kwenye lile godoro, akagusa mapazia, akalia kidogo, na wewe ukatoka nje ukajifanya unaangalia magurudumu.

Baadaye alipotupa chai uliona viganja vyake. "Mama, umefanya nini mikono?" Naye akajibu, "Ni mkonge." Hakusema uongo.

Nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini hatuwezi kukuambia sasa, hatari ikiwa imepita. Aliendelea kuosha vikombe. Akaniambia, "Binti yangu, mwanangu ameniletea nyumba mpaka huku juu. Mwache awe ni yeye aliyeileta."

Hapo ndipo aliponiita binti yake mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa Kyalo kutoka magharibi.

Tulilala sote ndani ya ile karavani, sisi chini, yeye juu. Alfajiri alitufungulia mlango. Bonde lote lilikuwa limejaa mawingu, meupe, yametulia, na vilele vya vilima vimetokeza juu yake, na jua lilikuwa linaanza kuyagusa upande mmoja. Ulisimama ngazini miguu mitupu kwa muda mrefu. Ukasema taratibu, "Nimezaliwa hapa, na sijawahi kupaona."

Mama alitangulia, na wewe umemfuata, mmelala kwenye tuta moja. Huenda ameshakuambia mwenyewe. Kama hajakuambia, usimlaumu, na usidhani ulichofanya kimepungua. Uliendesha vile ulivyoendesha, na yeye alishika kamba vile alivyoshika, na mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nyuma, nilipewa kuwaona wote wawili. Mara nyingine nikiwa nashona mchana, nyumba imetulia, mambo hayo hunijia, na inabidi nisimamishe mashine kwanza.

Jumapili ijayo nitamwambia Mwende yote.

Tulia huko, Baba Mwende. Msalimie Mama, na umwambie siri yake niliilinda kadiri nilivyoweza.

Mimi mkeo,
Mama Mwende