Mtu wa Kwanza Kwenye Mstari

Jumamosi, 4 Februari
Nimerudi nyumbani Kyebando kwa miguu tena. Sapatu miguuni, buti kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ili soli zisiishe. Sisi askari wa akiba hatuna mshahara. Tuna gwaride la Jumamosi na ahadi ya kurudishiwa nauli. Tangu uwanja uhamishiwe ng'ambo ya Ntinda, ahadi imebaki ahadi. Mimi koplo ndiye ninayesimama wa kwanza, upande wa kulia, wenzangu wajipange kwangu. Leo mstari ulikuwa mfupi mno. Aibu tupu.

Jumatano, 8 Februari
Nimewazungukia wasiokuja. Mmoja anakaanga chapati kando ya barabara, hata kichwa hakuinua. Mwingine aliniuliza kama nauli imetoka. Nikamwita mwoga.
Si mwoga. Ana watoto.

Jumamosi, 11 Februari
Tulikuja wawili. Mimi na Achan, mjane wa askari, anayetoka kule Kisugu, mbali kuliko mimi. Sajini wetu alisema nauli inashughulikiwa, huku akiangalia pembeni. Akaongeza kwamba tukizidi kupungua, kikosi chetu kitafutwa. Ni kikosi nilichokipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kupata. Miguu ya Achan ilikuwa imevimba. Nilimwambia wiki ijayo apumzike. Akakataa.
"Afande, kama wewe iko, mimi nakuja."


Alhamisi, 16 Februari
Nimepata kazi ya ulinzi kwenye duka kubwa la Ntinda. Inalipa. Jumamosi ni lazima kuwa kazini. Mke wangu alipiga vigelegele. Gwaride basi. Inabidi nimpigie Achan simu asijisumbue bure. Nimeishika simu, nimeiweka. Nitapiga kesho.

Ijumaa, 17 Februari
Sikupiga.

Jumamosi, 18 Februari
Siku ya kwanza getini. Jua kali, magari hayaishi. Mchana nikamwona Achan akirudi kutoka uwanjani, sapatu miguuni, kaveera mkononi. Akaniona na sare yangu mpya. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijaribu kueleza habari ya simu, sikufika mbali. Hakunigombeza.
"Nilisimama mahali yako, afande. Hakuna mtu alikuja."
Nikampa kiti changu. Akakaa, akaweka buti chini, akaomba maji. Nikaenda kumletea.